Zamu ya Shamba la Mwisho

12 Februari 1986

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba imejaa vipande vya kitambaa cha bluu, hata kwenye sukari tunaviokota. Mkubwa ameingia darasa la nne. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka huku ameziba mdomo kama bi harusi.

Lililonishikisha kalamu ni kazi. Ofisi ya maji imenipa jukumu la kuandika kijitabu cha historia ya mfereji wa huko kwetu bondeni. Mwezi wa Septemba kutakuwa na sherehe, maana unatimiza miaka hamsini na tano tangu serikali ilipouchimba, mwaka 1931. Mkuu wangu anasema mimi ni mtoto wa huko, nitajua. Lakini nilitoka huko na miaka saba, na marehemu baba hakupenda kuuzungumzia mfereji. Ukimuuliza, anawasha redio.

Wewe ndiye mgawa maji mpaka leo, na ufunguo wa lango uko kwako. Niandikie unayoyajua: walichimba akina nani, na walichimbaje.

Ni mimi mwanao.


3 Machi 1986

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka mafuta ya taa, sijui posta waliipakia na nini. Goti halijatulia, linatabiri mvua isiyonyesha. Ng'ombe amezaa jike. Mto umebaki utepe katikati ya mchanga, ukiuvuka hulowi kifundo cha mguu. Wasalimie wajukuu zangu, na huyo kibogoyo mwambie meno ni kama wageni, wakiondoka wengine huja.

Sasa nisikilize. Nilipofika pale ulipoandika kwamba serikali iliuchimba mfereji mwaka 1931, niliiweka barua chini nikaenda kupasua kuni, maana ningeichana.

Mfereji ule aliuanza bibi yangu, mama yake baba, ambaye watu walimwita Bibi Kamba. Ilikuwa baada ya njaa iliyofuta nyumba nzima nzima bondeni. Yeye alibaki mjane na watoto watatu. Akapanda juu, mto unapochomoza kwenye mawe, akaanza kuchimba ubavuni mwa kilima. Kipimo hakuwa nacho. Alichimba hatua chache, akayaachia maji yaingie. Yakisita, alijua amekosea mwinamo, anafukia na kuchimba upya. Penye jabali, ambapo chini yake ni korongo, alijifunga kamba kiunoni na mwanawe mkubwa akashika ncha ya pili. Mwaka wa kwanza watu walimcheka. Wa pili wakaja na majembe. Wa tano maji yakafika shamba la mwisho huku chini, na watu wazima walilala kifudifudi wakayanywa kama mbuzi.

Serikali ya wakati ule ilikuja ikamwaga zege pale kichwani, ikatia lango la chuma, ikapiga picha. Kumvisha mtu kofia si kumzaa.

Jambo jingine. Wiki iliyopita wamekuja watu na gari la ofisi yenu. Wamepaka mawe rangi nyekundu, juu ya lango letu. Nikamuuliza dereva ni ya nini, akasema, "Mama, mimi naendesha tu." Wewe unakaa ofisi hiyohiyo. Unajua nini?

Shangazi yako.


20 Machi 1986

Shangazi,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia habari za ndama. Huku mafua yametuzungukia nyumba nzima, lakini sasa tunapumua.

Nashukuru kwa simulizi ya Bibi Kamba, ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba ofisi huandika yale yenye ushahidi wa karatasi. Nitaona namna ya kuitia, labda kama hadithi ya wenyeji.

Kuhusu rangi nyekundu, mambo ya ofisi hayaandikwi kwenye barua. Nakuomba usiwe na wasiwasi.

Mwanao.


11 Aprili 1986

Mwanangu,

Sijambo. Ndama hajambo. Goti ndilo hilo.

Hadithi ya wenyeji! Yaani maji ninayopikia yameletwa na hadithi?

Ule wasiwasi ulionikataza, sasa umegongelewa misumari kwenye lango. Ni tangazo. Limesema mfereji ulijengwa na serikali, kwa hiyo maji ni ya serikali, na serikali imeipa kibali kampuni ya kulima maua. Kampuni itatoboa lango lake juu ya letu, ichukue maji siku nne katika kila wiki. Sisi mashamba kumi na tisa tutagawana siku tatu. Mwenye pingamizi aje barazani tarehe 12 Agosti, na vielelezo. Jirani yangu fundi seremala alilisoma mara mbili, akaniuliza, "Maua yanaliwa?" Nikamwambia yananuswa, na sisi ndio tutakaonuswa vizuri, maana tutakuwa maiti.

Sasa kielelezo kipo. Mwaka 1931 nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka kama juzi. Alikuja mpimaji na chombo chake cha miguu mitatu, na baba yangu, yaani babu yako, ndiye aliyemshikia ile fimbo yenye namba. Walitembea kando ya maji. Kando ya maji, mwanangu! Mfereji ulikuwa tayari unatiririka, ndiyo maana mpimaji aliteleza akalowa suruali, babu yako akawa anatuchekesha kwa habari hiyo mpaka anakufa. Yule mtu alichora ramani. Kama alikuwa na macho, aliuchora mfereji alioukuta. Ramani za zamani ziko kwenye makabati yenu. Itafute.

Sikuombi unijengee nyumba. Nakuomba ufungue droo.

Shangazi yako.


2 Juni 1986

Mwanangu,

Nimesubiri siku hamsini na mbili. Nilisema labda unaumwa. Nikasema labda posta. Jana bwana shamba amepita akigawa vijitabu, nimegundua kuwa huumwi, na posta haina kosa.

Nimekisoma. "Kabla ya mwaka 1931 bonde hili lilikuwa jangwa tupu lisilokaliwa na watu." Mimi nilizaliwa 1926. Kumbe nilizaliwa wapi, mawinguni? Na nyuma ya jalada wameandika kwamba mtunzi ni wewe. Jina la baba yako liko pale, limekaa chini ya uongo kama mtu aliyekalia kinyesi.

Nimemwonyesha seremala. Alisema, "Huyu si mtoto wa kaka yako?" Nilijifanya sikusikia.

Tuna wiki kumi. Wazee wamechagua niende kusema mimi barazani. Nitasema nini, na mtoto wangu mwenyewe amekwisha kunikana kwa maandishi ya kiwandani? Baba yako angekuwa hai angekufa tena kwa aibu.

Mke na watoto wako nawasalimu. Wewe sina cha kukusalimia.


15 Juni 1986

Shangazi,

Shikamoo, maana adabu nilifundishwa. Ila baba yangu usimtaje. Mtaje yeyote mwingine, yeye hapana.

Ramani nimeiona. Niliipata tarehe 25 Machi, kwenye kabati la chini, imekunjwa ndani ya bahasha ya kitambaa. Mstari wa mfereji uko pale, wa bluu, toka kwenye mawe hadi shamba la mwisho, na pembeni mpimaji ameandika kwa lugha yao: mfereji wa wenyeji, wa zamani, unatiririka. Haya, umefurahi? Nilimpelekea mkuu wangu. Akaitazama, akaikunja, akasema, "Irudishe ulipoitoa, na kile kijitabu kimalizie wiki hii." Nikairudisha na kijitabu nikakimaliza. Nina watoto wawili. Lakini nisikudanganye kwamba ni watoto tu.

Nilikuwa na miaka saba. Mahindi yetu yalikuwa yamenifika mabegani. Baba alinituma niangalie kama maji yamekuja. Nikaenda mpaka kwenye ubao wetu, ule tulioufungua kila Alhamisi kuingiza maji shambani. Ulikuwa umepigiliwa misumari na kushindiliwa udongo. Ng'ambo yake maji yalikuwa yanapita kwenda kwa wengine, nayasikia. Nikajaribu kuung'oa kwa vidole mpaka kucha ikatoka. Kila siku nilihesabu majani yaliyojikunja. Siku ya tisa shamba zima lilikuwa linalia kama karatasi. Wiki iliyofuata tulipanda lori.

Unajua baba alifanya kazi gani huku mjini? Kubeba magunia stesheni, miaka kumi na nne, mpaka mgongo ukakataa. Mtu aliyekuwa na shamba. Huo ndio mfereji unaotaka niupiganie. Wewe ni mgawa maji. Sasa nijibu maswali mawili. Nani alipigilia ule ubao? Na shamba la baba leo linalimwa na nani?

Ukinijibu, nitakujibu.


24 Juni 1986

Mwanangu,

Sijambo. Ndama ameanza kula majani. Binti wa seremala ameposwa na fundi baiskeli, kijana mpole ingawa miguu yake imepinda. Upepo umeezua paa la shule, watoto wanasomea nje. Vitunguu vyangu vinaendelea vizuri. Bei ya mbolea imepanda.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame mbaya. Kaka aliamua kuhama. Ni hayo tu.

Shangazi yako.


9 Julai 1986

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Zile tatu zimewashia jiko.

Hujanijibu, na najua kwa nini. Niliandika habari za ndama na baiskeli kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka mbele ya mgeni anayemwona.

Ubao niliupigilia mimi.

Mwaka ule mto ulikauka mpaka tukachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa. Kilichoingia mfereji hakikuweza kufika mashamba kumi na tisa. Wazee wakakaa, wakaamua kufunga mawili ya mwisho, la baba yako na la mzee mfinyanzi, ili kumi na saba yapone. Wakasema mwenye ufunguo ndiye afunge, na asipofunga la kaka yake watu watasema nimependelea damu yangu. Hayo ndiyo niliyojiambia miaka yote ishirini na mitano. Na ni kweli, uamuzi ulikuwa wa wazee.

Lakini shamba langu ni la nne. Lilipata zamu kamili. Ningeweza kumpa kaka nusu ya zamu yangu, hakuna mzee aliyekataza. Alikuja kuniomba. Alisimama mlangoni hakuingia. Akasema, "Dada, niachie hata saa mbili." Nikamwambia, "Kawaombe wanaume wenzako."

Unajua kwa nini? Miaka miwili kabla yake, waliponipa ufunguo, yeye alicheka mbele ya baraza zima. Alisema, "Tangu lini jogoo akaamshwa na kuku jike?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nililiweka lile neno kifuani. Ukame ulipokuja nikamlipa kwa maji. Wala sikumtuma mtu, nilipigilia mwenyewe, misumari minne. Alikuwa amesimama kwenye mahindi yake ananitazama. Heri angenitukana.

Mfinyanzi alikufa mwaka uliofuata. Baba yako hakuniandikia hata mara moja, nami nilijiambia kiburi ni chake.

Sasa umejua. Fanya utakavyo na ramani.


21 Julai 1986

Shangazi,

Salamu sina.

Barua yako nimeisoma stesheni, nimekaa pale walipokuwa wakipanga magunia. Saa mbili! Wiki nzima ina saa ngapi? Baba alinifunga ile kucha kwa kitambaa na hakuniambia kwamba ni dada yake. Alikuficha mpaka kaburini. Nataka ulijue hilo na likukalie vibaya.

Ramani iko ndani ya mfuko huu, kwenye bomba la bati. Ni yenyewe, si nakala, maana nakala wangesema nimeichora mimi. Nimeitoa kabatini mchana, na karani wa mlangoni akaniuliza nabeba nini. Nikamwambia, "Kazi ya baba yangu." Sikusamehe. Siipeleki kwa ajili yako. Naipeleka kwa sababu mle bondeni kuna mashamba kumi na tisa na nimejua sauti ya mahindi yakikauka.

Swali la pili hukulijibu.


18 Agosti 1986

Mwanangu,

Ramani ilifika siku sita kabla ya baraza. Nililala nayo chini ya godoro kama mwari na mahari yake.

Baraza lilifanyika kwenye lile darasa lisilo na paa. Mwenyekiti alitoka makao makuu, mtu mfupi, mwenye kusikiliza. Mkuu wako alikuwepo. Wakili wa kampuni alikaa mbele, viatu vyake vinang'aa mpaka tukaona mawingu ndani yake. Akasoma kijitabu chako kwa sauti, ukurasa wa kwanza. Akakifunga taratibu.

Nikasimama nikaitandaza ramani. Mwenyekiti akavaa miwani, akaufuata mstari wa bluu kwa kidole kutoka juu hadi chini, akasoma yale maneno ya pembeni. Akamgeukia mkuu wako, akamuuliza, "Muhuri huu ni wa ofisi yenu?" Mkuu wako akasema karatasi hiyo imeibiwa. Mwenyekiti akasema, "Sikuuliza ilivyokuja. Nimeuliza muhuri." Mkuu wako akasema, "Ni wetu." Chumba kizima kilinong'ona kama nyuki.

Nilidhani tumemaliza. Wakili akainuka, anatabasamu. "Mama, tukubali mfereji ni wenu. Je, mnajua kuutunza? Katika miaka yako ya kugawa maji, yuko mtu aliyenyimwa?"

Nikawatazama wazee. Wote walikuwa wanachunguza vidole vya miguu yao. Seremala akanitikisia kichwa: kataa. Ilikuwa rahisi, mwanangu. Wenye kujua wengi wamekufa.

Nikasema, "Yuko. Kaka yangu wa tumbo moja. Nilimfungia maji kwa hasira zangu, mahindi yake yakafa, akahama na mkewe na mtoto, akafia ugenini. Na shamba lake nimelilima mimi tangu siku hiyo. Kama mnatafuta mwizi wa maji, msihangaike kupaka mawe rangi. Nimesimama hapa."

Wakili akasema, "Basi unakubali hamfai." Hapo ndipo hasira yangu ya kweli ilipopanda, mpaka nikasahau goti. Nikamwambia, "Mimi nilimnyima mtu mmoja na nimeugua kwa hilo miaka ishirini na mitano. Wewe umekuja kuwanyima kumi na tisa, na jioni utakula vizuri."

Uamuzi umetoka juzi. Kibali cha kampuni kimefutwa, mfereji umetangulia serikali na haki ya maji ni ya bonde. Ila wametuwekea sharti: zamu ziandikwe, na hakuna shamba litakaloondolewa tena, ukame uwe mkali vipi. Maji yakipungua, yanapungua kwa wote. Wengine hawanisemeshi. Wanasema nimewavua nguo mbele ya wageni. Ufunguo nimeurudisha kwa wazee, nao wamempa binti wa seremala. Safari hii hakuna aliyecheka.

Swali lako la pili nimelijibu barazani kabla ya kukujibu wewe, nisamehe kwa hilo, angalau hilo. Vitunguu nilivyokuwa nakusimulia vilikuwa kwenye shamba la baba yako. Nimeving'oa vyote, hata vichanga, vimeoza pembeni kwa sababu nilikosa mkono wa kuviuza. Shamba limekaa tupu. Zamu yake imeandikwa namba kumi na tisa, kwa jina lako, Alhamisi.

Vipi kazini?

Shangazi yako.


6 Septemba 1986

Shangazi,

Shikamoo.

Kazini nimefukuzwa tarehe 14, siku mbili baada ya baraza. Mkuu hakuniita, nilikuta kiti changu kimetolewa nje ya mlango, na kalamu zangu juu yake. Nimemuuliza mke wangu kama ananilaumu. Alitoa sindano mdomoni akasema, "Nimeolewa na mtu, sikuolewa na dawati," kisha akaendelea kushona. Mdogo ameota jino moja, limekaa upande.

Nimesikia pia kutoka kwa karani wa mlangoni kwamba ulisema mbele ya watu wote. Alinisimulia neno kwa neno, nikamwomba arudie. Nilidhani hasira itaisha. Haikuisha. Kila nikikumbuka saa mbili, damu inachemka upya, na sidhani kama nitapoa karibuni. Usinitarajie nikukumbatie.

Lakini nitakuja Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, na watoto wote wawili. Sherehe za serikali wameziahirisha, kwa hiyo barabara itakuwa wazi. Mwombe binti wa seremala akuachie uufungue ubao wewe, kwa mkono wako ule ule. Sisi tutasimama kwenye ncha ya mwisho ya shamba la baba. Usije kutulaki wala usinisemeshe. Acha maji yashuke mfuo hadi mfuo mpaka yatulowanishe miguu. Baada ya hapo njoo, polepole kwa ajili ya goti, tuonyeshe mpaka unaanzia wapi.

Mwanao.